Nilimwandikisha Mdogo Wangu Kuwa Hajui Kusoma

Bi Mazoon mpendwa, naomba msaada wako, na naomba usinichukie kabla hujafika mwisho wa barua, maana najijua, nikianza kueleza jambo nazunguka, binti yangu huniambia, Mama, wewe ukiulizwa saa ngapi unaanza kueleza saa yenyewe ilinunuliwa wapi. Majina badilisha upendavyo, Waswahili wa Maskati tunajuana sote, na anayehusika ni msikilizaji wako, kila Jumatatu anakuweka redioni huku anashona kofia zake.

Mimi ni mjane wa miaka khamsini na tisa, nimestaafu kazi ya serikali, nakaa Al Khuwair. Baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa Mwarabu wa Unguja, akaondoka mwaka wa sitini na nne kama walivyoondoka wengi, yeye akapata kazi ya mashine melini na meli ikamshusha Hong Kong, wakati huo inatawaliwa na Mngereza. Huko akamwoa mama yetu, Mchina Muislamu, wakatuzaa sisi wawili, mimi na mdogo wangu Mahbuba, tumepishana mwaka mmoja tu. Baba akisema nasi Kiswahili, Mama Kichina, na sisi wenyewe kwa wenyewe tukichanganya chochote kilichokuja mdomoni.

Kisa chenyewe kinaanzia skuli. Serikali ile ilikuwa na skuli za namna mbili, za Kingereza na za Kichina, na mtoto akishaingia upande mmoja kuvuka ni taabu. Mimi nikapelekwa ya Kingereza, jengo kubwa la serikali, picha ya Malkia ukutani, na ukisikiwa unasema Kichina kwenye ujia unaandikwa jina ubaoni. Mahbuba akapelekwa ya Kichina, ghorofa ya tatu juu ya duka la dawa za mizizi, hesabu Kichina, historia Kichina, Kingereza kipindi kimoja na mwalimu mwenyewe anababaisha. Usidhani Baba alimpenda mmoja kuliko mwengine. Mama ndiye aliyetaka, alisema, mmoja asome ya serikali na mmoja asome yangu, nisije nikazaa watoto wawili nikafa na hapana hata mmoja anayejua mwandiko wangu. Baba akacheka, akasema haya, tumegawana.

Na Mahbuba alikuwa hodari, Bi Mazoon, kunishinda mimi mbali. Mimi nilipita kwa kusukumwa, yeye kila mwaka wa kwanza au wa pili, na mwandiko wake ukibandikwa ukutani wageni wauone. Akamaliza madarasa yote akapewa cheti, karatasi nene ina muhuri mwekundu, Kichina kitupu tangu juu mpaka chini, na mwalimu wake akamwambia wewe utakuwa mwalimu. Lakini kule kule nikaanza kuona kwamba kuna kusoma na kusoma, kwani kazi za serikali, za benki, za simu, zote zikitaka mwenye Kingereza. Rafiki zangu wakiniuliza mdogo wako anasoma wapi, nikitaja skuli yake wanasema "aaa", basi, hawaongezi neno, na ile "aaa" iliniingia ikakaa.

Mwaka wa thamanini na sita Baba akaamua turudi Oman, wenzake wa Unguja walikuwa wameshakuja na wametulia. Mama hakuja, alikuwa na mama yake mgonjwa, akasema atafuata, asifuate. Siku ya kuandikishwa tukaenda afisi moja Ruwi, Baba akakutana na watu aliosoma nao Unguja akabaki nje anakumbatiana nao, akaniambia, ingia wewe na mwenzio, wewe si una Kingereza. Kiarabu sote wawili tulikuwa hatuna. Mahbuba alikuwa kanipa cheti chake nimwekee kwenye mkoba, kakitia kwenye bahasha, tangu asubuhi ananiuliza, "Dada, kipo?" namwambia kipo, hatua mbili, "Dada, kipo?" Nyuma yetu kwenye foleni walikuwapo wasichana wawili wanatutazama macho yetu na kuambiana kwa Kiswahili, "Hao, Wachina hao," wanacheka, hawajui kama tunasikia.

Karani alikuwa mtu mzima, mpole. Akaniuliza mimi kwa Kingereza, nikatoa vyeti vyangu, akasema vizuri sana. Akauliza, na huyu, anasoma Kiarabu? Nikasema hapana. Kingereza? Nikasema kidogo, si cha kusoma. Akasema, kwa hiyo hajui kusoma wala kuandika. Hapo ndipo, Bi Mazoon. Mkono wangu ulikuwa juu ya mkoba, nilikuwa nifungue tu. Nikafikiri, nikiitoa karatasi ile wale wasichana watakufa kwa kicheko, na huyu karani naye ataniambia "aaa". Nikamjibu, ndiyo, hajui. Akaandika neno moja la Kiarabu, ummiya, ndiyo maana yake hiyo hiyo, mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika.

Mahbuba akanivuta nguo akaniuliza, "Kasema nini?"

Nikamwambia, "Kasema karibuni Oman."

Akamtazama yule karani, akainamisha kichwa kama tulivyofunzwa na Mama, akatabasamu, akamwambia, "Shukran." Ndilo neno la Kiarabu alilokuwa nalo siku ile, alijifunza kwenye ndege. Tulipotoka akaniuliza cheti, nikamwambia wamekizuia, watakirudisha. Sikulala na mpango wa kumdhulumu, wallahi, lakini uwongo ule mmoja ukataka wa pili, na wa pili nimekaa nao miaka thalathini na tisa.

Mimi nikapata kazi hata miezi miwili haijatimia. Yeye akatiwa darasa la alasiri la watu wazima, pamoja na wanawake wa umri wa bibi yetu, anafundishwa kushika kalamu. Kushika kalamu, Mahbuba! Alikwenda, akakipata Kiarabu upesi, halafu akaolewa na Hatem wa Sidab, mtu mwema, mimba zikafuatana na darasa likaishia hapo. Mama mkwe wake alikuwa akiwaambia watu, mke wa mwanangu hakusoma lakini mikono yake ina baraka. Nami nilikuwa nimekaa pale pale, nikinywa kahawa yangu. Mwaka wa kwanza alikuwa akiniuliza cheti kila akiniona, mwaka wa pili mara moja moja, kisha akaacha.

Sasa nikwambie linalonila. Mama alikuwa akituandikia kila mwezi mpaka alipokufa mwaka wa tisini na nne, na Mama hakujua kuandika ila Kichina. Mimi Kichina nakisema, kukisoma sijui hata jina langu. Kwa hiyo kila barua ikifika nachukua gari mpaka Sidab, Mahbuba anaacha kofia yake, anafuta mikono, ananisomea. Na majibu yangu akiniandikia yeye. Nilimwandikisha hajui kusoma, na barua za mama yangu sikuzipata ila kwa mdomo wake. Barua moja ya mwisho mwisho Mama aliuliza, "Na mdogo wako anasomesha skuli gani?" Mahbuba akaisoma vile vile kama ilivyoandikwa, akacheka, akasema, "Mama naye!" Akaendelea na mstari wa chini.

Ningekufa na siri yangu, lakini mjukuu wangu Fajr ameanza kusoma Kichina kwenye chuo kimoja hapa Al Khuwair, vijana wote siku hizi wanakitaka kwa sababu ya kampuni za Kichina. Ijumaa moja yuko mezani anaandika maandishi yake, Mahbuba akapita na sinia la sambusa, akasimama. Akamwambia, "Huo mstari unaanza juu, mwanangu, ukianzia chini neno linaanguka." Akaweka sinia, akachukua kalamu, akaandika ukurasa mzima bila ya kuinua kichwa. Fajr akasema, "Bibi, si husemwa wewe hukusoma?"

Fajr akaupeleka ukurasa chuoni. Mwalimu wao, Mchina, akaushika kwa mikono miwili, akasema mwandiko huu siku hizi wengi hata kwao wameupoteza. Mkuu wa chuo, Bi Noof, akampigia simu Mahbuba mwenyewe, wanamtaka aje kusomesha mwandiko Jumamosi, matamshi yake ni ya Hong Kong lakini hilo halina neno. Wanataka kitu kimoja, ithibati kwamba amesoma, maana kwenye kumbukumbu za serikali bado ni ummiya, na wamempa mpaka mwisho wa mwezi huu. Neno hilo alikuwa hajapata kuliona ila sasa, alipokwenda kutolewa karatasi ya kumbukumbu zake. Alikuja kwangu na karatasi hiyo mkononi. Akaniambia, "Yule karani, Dada. Alitukaribisha vizuri, kumbe ndio ananiandika hivi. Na mimi nikamshukuru! Nilimshukuru, Dada!" Akasema kama yu hai hamsamehe, na kama kafa ataulizwa huko aliko. Kisha akaniomba mimi, kwa kuwa nilifanya kazi serikalini, nimsaidie kumtafuta.

Cheti kipo, Bi Mazoon. Kipo kabatini kwangu chini ya khanga za Mama, bahasha ile ile. Nimefikiri nikitie kwa siri kwenye sanduku lake la Sidab akione mwenyewe, apate kazi yake, tumalize kwa kheri na mtu asiumie. Nimefikiri pia nimwambie. Lakini sina mwengine, mume nimezika, watoto wana nyumba zao, kila Ijumaa anayekuja ni yeye. Nikimpoteza nitabaki na nani? Nishauri.

Mwenye Cheti, Al Khuwair

*

Mwenye Cheti,

Majina nimeyabadilisha, na barua hii naitoa gazetini, redioni haitosomwa. Hayo ndiyo ninayoweza kukusitiri. Zaidi ya hapo usinitarajie.

Nianze kwa kukuonea huruma, kwa sababu nikianza na hasira sitorudi tena huku. Mimi nilisoma skuli ya serikali Unguja, zama za huyo huyo Mngereza. Siku moja mwalimu alituuliza, nani nyumbani kwao kuna mtu mzima anayejua kusoma? Nikanyoosha mkono, nikasema bibi yangu. Bibi alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mtaa mzima ukija kuandikiwa kwake. Mwalimu akasema herufi hizo hazihesabiwi, teremsha mkono. Nikateremsha. Kwa hiyo hiyo "aaa" yako naijua, mama. Walituwekea mizani, wakatuambia kusoma ni kule tu, na sisi tukabeba mizani yao mpaka makwetu. Wewe uliibeba kwenye mkoba mmoja na cheti cha mdogo wako. Ulikuwa na miaka ishirini, mgeni, umechekwa, umeona haya. Siku ile moja nakusamehe mimi, kama msamaha wangu una kazi.

Sasa ondoa kitambaa machoni unisikilize. Mimi nilipoteremsha mkono nilikuwa na miaka minane. Wewe ulikuwa mtu mzima, na hukuteremsha mkono wako, uliuteremsha wa mwenzio. Na ilikuwa siku moja? Alikuuliza cheti mwaka mzima. Mama mkwe alisema mbele yako hakusoma, ukanywa kahawa. Ulichukua gari mpaka Sidab kusomewa barua, ukasikia mama yako anauliza mtoto wangu anasomesha wapi, ukarudi Al Khuwair ukalala. Usiniambie uwongo wa kwanza ulitaka wa pili. Uwongo hauna miguu, wewe ndiye uliyekuwa ukiupeleka kila mwezi na gari yako. Na yule karani masikini, mtu mzima aliyekujibu kwa upole, unamwacha anaapizwa, pengine yuko kaburini! Umemzulia mtu ambaye kosa lake lilikuwa kukuamini.

Huo mpango wa sanduku ufute leo. Unajua utakachomfanya? Mwanamke wa miaka khamsini na nane atafungua sanduku alilolifungua mara elfu, akute bahasha aliyoitafuta umri wake wote. Atasema mimi nimeingiwa na nini, kumbe kilikuwa hapa, kumbe nimemlaani karani bure, kumbe ni mimi mwenyewe mzembe. Utakuwa umemwandika tena, mara hii kuwa hana akili. Na ungekaa Ijumaa unakula sambusa zake huku anajilaumu. Hebu ona haya!

Unaniuliza ukimpoteza utabaki na nani. Swali hilo umelichelewesha, na si lako peke yako. Yeye alibaki na nani wakati akifundishwa kushika kalamu? Anaweza kukufukuza. Anaweza asije Ijumaa hii wala ile. Ana haki hiyo, na wewe huna haki ya kumnyima habari zake ili usipungukiwe na mgeni. Huenda atarudi, dada na mdogo waliopishana mwaka mmoja hawaachani upesi, lakini mimi sikupi ahadi nisiyoimiliki.

Fanya hivi. Usingoje Ijumaa, na usimwite kwako. Nenda wewe Sidab kesho asubuhi, wakati Hatem na watoto hawapo. Usimchukue Fajr ukajificha nyuma ya mtoto. Usipeleke halwa wala udi, huendi kuposa. Mkononi uwe na bahasha tu. Umpe kabla hujakaa, kisha umwambie maneno haya wala usiongeze: "Karani hakukosea. Aliniuliza mimi, nikamwambia hujui. Cheti nilikuwa nacho mkobani, na nimekaa nacho mpaka leo." Halafu nyamaza. Usiseme shetani alinipitia. Usiseme tulikuwa watoto. Wala usitangulie kulia, ukilia wewe ataacha yake akubembeleze wewe, namjua wa namna hiyo, keshafanya hivyo umri mzima. Akipiga kelele, sikiliza. Akinyamaza, kaa. Akikwambia ondoka, ondoka, na mlango uufunge taratibu.

Na akikifungua mbele yako akakisoma, usimwombe akwambie kimeandikwa nini. Akitaka atakwambia. Umekaa na karatasi miaka thalathini na tisa hujui hata mstari mmoja wake, unaweza kukaa siku mbili zaidi.

Kazi ya Jumamosi isiharibike kwa ajili ya ugomvi wenu. Siku hiyo hiyo, akikuruhusu kukishika, kipeleke kwa mtarjumani wa mahkama kitiwe Kiarabu na muhuri. Umpigie simu Bi Noof umwambie karatasi inakuja na iliyochelewesha ni wewe. Kisha nendeni afisini kurekebisha kumbukumbu, nyote wawili, kama atakubali kupanda gari yako, na kama hakubali nenda peke yako ukamngoje mlangoni. Kwenye foleni simama wewe. Usitafute mtu wako wa zamani wa kukupitisha nyuma.

Karani atauliza, ni nani aliyesema mwanamke huyu hajui kusoma? Usimtazame Mahbuba. Jibu kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika, wakusikie na walio nyuma yako: "Ni mimi." Mahbuba hatokuvuta nguo kukuuliza kasema nini. Kiarabu anakijua sasa, atakuwa amesikia mwenyewe.